Laini mbili, mkongo mmoja: kisa cha nyumba ya wageni na mtoa huduma wake wa intaneti, Unguja

Majina ya watu, ya kampuni na ya kijiji yameondolewa, na vijambo vichache ambavyo vingemtambulisha mtu vimebadilishwa. Niliitwa kuelekea mwisho, kama fundi wa nje asiyelipwa mshahara na upande wowote, nikaruhusiwa kusoma mazungumzo ya grupu la WhatsApp, mikataba na kumbukumbu za rauta. Nawaandikia mafundi vijana wanaoingia katika biashara ya kuuza intaneti visiwani, na wenye nyumba za wageni wanaoinunua.

Usuli

Mtoa huduma tunayemzungumzia ni kampuni ndogo ya Unguja. Haina mkongo wala kituo chake Dar es Salaam. Inanunua intaneti kwa jumla kutoka kampuni kubwa ya bara, inaipokea Zanzibar Mjini, kisha inairusha kwa redio kutoka mnara hadi mnara mpaka pwani ya kusini mashariki. Huko wateja wake ni nyumba za wageni, vituo vya kupiga mbizi, skuli moja ya binafsi, zahanati, na wageni wakaazi wanaofanya kazi za Ulaya wakiwa wamekaa barazani kwetu.

Mteja aliye katikati ya kisa hiki nitamwita Bi M. Ana nyumba ya wageni ya vyumba visivyofika ishirini. Si mtu wa kompyuta, lakini biashara anaijua, na katika biashara yake intaneti imeshakuwa kama maji ya bomba: mgeni haulizi kama ipo, anauliza tu siku ikikosekana. Alikuwa analipia laini mbili. Ya kwanza ni ya redio, ya kampuni hii. Ya pili ni kebo ya kioo kutoka kwa mwuzaji mwengine kabisa, mwenye ofisi nyengine na ankara nyengine. Kijana aliyekuja kumfungia hiyo ya pili alimwambia, "Bi mkubwa, sasa lala usingizi. Hii ikikata, ile inashika." Alilala usingizi kwa muda mrefu, na kwa kukatika kwa kawaida, mti kuangukia waya au mnara mmoja kuzimika, maneno ya yule kijana yalikuwa ya kweli.

Mkataba wake na kampuni ya kwanza uliahidi huduma kwa asilimia 99 ya muda. Chini yake palikuwa na kifungu kifupi kinachosema ahadi hiyo haihusu hitilafu zinazotokana na mtoa huduma mwengine. Bi M. alisaini bila kukigusa kifungu hicho, na sidhani kama kuna mteja yeyote pwani nzima aliyewahi kukigusa.

Njia inavyopita

Bila kuielewa njia, hasira zilizofuata hazieleweki. Mgeni akifungua ukurasa akiwa pwani ya mashariki, ombi lake linaruka kwa redio mpaka Mjini, linavuka mkondo wa Zanzibar kwa kebo ya chini ya bahari, linafika Dar es Salaam. Mpaka hapo safari ni fupi. Kutoka Dar es Salaam kwenda duniani, njia kuu zilikuwa mikongo miwili ya baharini: SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Yote miwili inashuka kusini mpaka Mtunzini, Afrika Kusini, na inapanda kaskazini kuelekea Bahari ya Shamu.

Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Watu wengi wa pwani yetu hawakuhisi kitu, kwa sababu mzigo wa data ulihamishiwa kusini. Hakuna aliyepiga kelele, na hapo ndipo hatari ilipokaa kimya: njia ilishaegemea upande mmoja.

Jambo jengine la kujua ni kwamba si kila kitu unachofungua kinatoka ng'ambo. Kampuni kama Google na Meta huweka sava zenye nakala za vitu vinavyotazamwa sana ndani ya mitandao ya nchi husika. Video ya YouTube ambayo watu wengi wameitazama inaweza kukufikia kutoka Dar es Salaam bila kugusa mkongo wowote wa kimataifa. Mfumo wa kuuza vyumba, wenye sava yake Ulaya, hauna bahati hiyo.

Yaliyotokea

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilikatika zote mbili katika bahari ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hata bando za simu zilikuwa hoi, kwa hiyo aliyekimbilia simu yake alikuta nako ni yale yale.

Kwa Bi M. asubuhi ile laini ya redio ilikuwa hai. Taa zote za rauta ni kijani, ila kurasa hazifunguki. Akamwambia mpokeaji wake wageni ahamishe waya kwenye laini ya pili. Hali ile ile. Akapiga simu kampuni ya kwanza, haikupokelewa. Ya pili ikapokelewa na mtu aliyesema hajui. Kufikia adhuhuri grupu la wateja lilikuwa linachemka. Ujumbe wake wa kwanza niliusoma: "Assalaam aleikum. Laini zangu zote mbili zimekufa. Kama munajua kuna nini tuambieni, kama hamujui tuambieni pia."

Jibu la kampuni lilikuja jioni: "Ndugu mteja mpendwa, tunaomba radhi kwa hitilafu ya kiufundi inayoendelea kushughulikiwa." Wakati huo aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Nape Nnauye, alikuwa ameshautangazia umma kwamba mikongo imekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Yaani wateja walikuwa wanajua zaidi ya kilichoandikwa na kampuni waliyoilipa.

Kilichofuata ndicho kilichowasha moto hasa. Usiku ule wageni wawili wa Bi M. walikuwa wanatazama YouTube bila shida, huku mfumo wake wa vyumba umeganda. Akatuma ujumbe wa sauti, kwa upole ule wa watu wazima unaouma kuliko matusi: "Mwanangu, video inakwenda. Mimi kuuza chumba siwezi. Sasa huu mkongo umekatika, au munatubania?" Mwengine akaongeza kwamba kampuni inataka kuwauzia kifurushi kikubwa zaidi. Dhana ikaenea, na kampuni haikusema neno lolote kuhusu sava za Dar es Salaam, ingawa fundi wao aliijua sababu vizuri.

Mei ni masika, hoteli nyingi zimefunga, na kwa kweli ingekuwa Agosti ningekuwa naandika kisa kizito zaidi. Lakini Mei ndio mwezi ambao mawakala wanathibitisha vyumba vya msimu wa kusi. Bi M. aliuza chumba kwa simu, akashindwa kukifunga kwenye mfumo, na mfumo ukakiuza tena kwa mgeni wa Julai. Alipokuja kujua, ilibidi amtafutie mgeni mmoja nafasi kwa jirani na kulipa tofauti ya bei kutoka mfukoni.

Jumatatu kampuni ilipata kiasi kidogo cha njia ya kaskazini kutoka kwa muuzaji mwengine wa jumla, kwa bei ya dharura. Siku zilizofuata huduma ilirudi kwa mafungu, kwanza ya kujikongoja, baadaye ya kuridhisha. Grupu likapoa. Watu wakarudi kulalamikia bei ya dagaa na barabara.

Kisha ikaja vuli. Jioni moja ya mvua mtandao ulikatika, na ndani ya muda mfupi ujumbe ukatoka, safari hii bila kuchelewa: tatizo lipo kwa mtoa huduma wetu wa jumla, tunafuatilia. Bi M. alihamia laini ya pili, nayo ikafanya kazi vizuri kabisa. Jirani yake, mteja wa kampuni ile ile lakini anayepokea kutoka mnara mwengine, naye alikuwa na huduma. Mpwa wake Bi M. akachukua vespa mpaka mlimani, akakuta mnara wa kampuni uko gizani. Umeme ulikatika kijijini tangu alasiri, na betri za mnara zilikuwa zimechoka. Akapiga picha, akaiweka kwenye grupu bila maelezo.

Baada ya picha ile wateja kadhaa walizuia malipo ya mwezi. Mmoja aliandika malalamiko rasmi kwa kampuni, akiwa na nia ya kuyapeleka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, asipojibiwa. Mkurugenzi akaomba kikao, na Bi M. akasema atakuja ila aje na fundi asiye wao. Ndivyo nilivyoingia.

Maamuzi na sababu zake

Kukaa kimya Jumapili kulikuwa uamuzi, si bahati mbaya. Mkurugenzi aliniambia wazi: muuzaji wa jumla alikuwa hajathibitisha kitu kwa maandishi, na yeye aliogopa kutangaza jambo litakalomrudia kama madai ya fidia. Hofu hiyo naielewa. Kampuni ndogo yenye wateja wachache, wakidai wote mwezi mmoja, haifiki mwisho wa mwezi.

Kununua njia ya kaskazini Jumatatu kulikuwa uamuzi mzuri na wa gharama. Alilipa bei ambayo hawezi kuirudisha kwa mteja. Njia ile ilikuwa nyembamba, kwa hiyo fundi mkuu akaigawa: zahanati kwanza, halafu mifumo ya malipo na ya vyumba, mambo mengine baadaye. Mimi ningeigawa hivyo hivyo. Lakini wateja hawakuambiwa kuwa kuna mgao, na aliyeona kazi yake inakwenda polepole kuliko ya jirani akajaza sababu yake mwenyewe.

Ujumbe wa vuli nao una historia. Baada ya Mei kampuni iliandaa maneno yaliyokwisha tayari, ili safari nyengine wasichelewe. Maneno yenyewe yalimtaja muuzaji wa jumla, kwa sababu yaliandikwa kwa kumbukumbu ya Mei. Kijana wa zamu aliyaona kwenye simu, akayatuma kabla hajaangalia kama mnara unajibu. Hakukusudia kudanganya. Alifundishwa kuwa haraka, akawa haraka.

Kuhusu betri, mkurugenzi alijua zimechoka. Alisogeza mbele kuzibadilisha kwa sababu fedha za matengenezo ziliishia kwenye ile njia ya dharura ya Mei. Hapo ndipo matukio mawili yanapoungana: mkongo uliokatika Afrika Kusini ulikula pesa ya betri za mnara wa kusini mashariki ya Unguja.

Matokeo

Kikao kilikuwa kirefu. Kampuni ilikubali kuwapunguzia wateja ankara ya mwezi kwa siku za Mei na kwa ile jioni ya vuli, ikaweka betri mpya katika minara miwili, na ikafunga mkataba wa kudumu na muuzaji wa pili wa jumla, mwenye njia inayopitia Mombasa. Bei kwa wateja ikapanda. Wawili wakahama, mmoja kwa hasira na mmoja kwa hesabu. Malalamiko hayakufika TCRA, kwa kuwa aliyeyaandika alijibiwa.

Bi M. alibakia na kampuni, akaikata ile laini ya pili. Hilo liliwashangaza waliokuwepo, kwani ile ndiyo iliyomsaidia wakati wa vuli. Sababu iko hapa chini.

Uchambuzi

Tulipokaa nyumbani kwake nilipitisha kipimo cha njia kwenye laini zote mbili, kile kinachoorodhesha kila kituo ambacho ombi linapita. Vituo vya mwanzo vilikuwa tofauti: redio huku, kebo kule. Kuanzia Dar es Salaam vilikuwa vile vile, anwani kwa anwani. Wauzaji wake wawili wa rejareja walikuwa wananunua kwa muuzaji mmoja wa jumla. Hakuna aliyemdanganya. Yule kijana aliyemwambia alale usingizi hakujua mwenzake ananunua wapi, na hakuulizwa. Bi M. alilipia miezi mingi ulinzi dhidi ya mti unaoanguka msituni Jozani, akidhani amelipia pia dhidi ya bahari.

Akaniambia jambo ambalo nadhani kila mtu wa umri wake hapa angelisema: "Umeme ulishatufunza haya." Unguja inapata umeme kwa kebo ya bahari kutoka bara, na kukatika kwa Desemba 2009 kulidumu mpaka Machi 2010. Baada ya miezi ile mitatu kila mwenye hoteli alinunua jenereta, na hakuna aliyeambiwa kwamba nyaya mbili kutoka nguzo moja ni umeme wa akiba. Katika intaneti nguzo haionekani. Mteja anaona rauta mbili, nembo mbili, ankara mbili, na macho yanamwambia amekamilika.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "muna laini ngapi". Muulize laini hizo zinakutana wapi kwa mara ya kwanza. Muuzaji anayeijua kazi yake atakujibu kwa jina la mji na jina la kampuni. Asiyejua atakwambia zina nguvu sana. Kipimo cha njia kipo bure kwenye kompyuta yoyote, na mpwa wa Bi M. alikielewa kabla chai haijapoa. Kampuni yenye mtandao wake kamili pia ina namba ya utambulisho wa mtandao, ile inayoitwa AS, na mtu yeyote anaweza kuangalia hadharani inaungana na nani. Wauzaji wadogo mara nyingi hawana, jambo ambalo lenyewe ni jibu.

Sasa lile dai la kampuni kwamba kosa ni la wa juu, yaani la muuzaji wa jumla. Ni kweli kwamba hakuna fundi wa Unguja aliyeweza kuuunga mkongo wa Durban. Hiyo ni kazi ya meli maalumu, na iliyotumwa ilitoka Cape Town. Lakini mteja hakununua mkongo. Alinunua intaneti kutoka kwa mtu aliyechagua muuzaji wa jumla, aliyejua tangu Februari kwamba upande wa kaskazini una jeraha, na aliyekuwa na miezi miwili na zaidi ya kutafuta mlango mwengine. Kuchagua unanunua kwa nani ndiyo biashara yenyewe ya rejareja. Ukiitoa hiyo, kinachobakia ni kupanda minara. Mkurugenzi hakuipenda hoja hii, akasema njia ya pili ingepandisha bei na wateja wangekimbia. Alikuwa na haki kiasi: bei ilipopanda, wawili walikimbia kweli.

Mkataba nao unastahili hesabu ndogo. Asilimia 99 ya mwezi wa siku 30 inaruhusu saa 7 na dakika 12 za kukatika. Ikipimwa kwa mwaka, inaruhusu zaidi ya siku 3 na nusu mfululizo, katikati ya Agosti kama itatokea hivyo, na mkataba bado haujavunjwa. Mkataba wa Bi M. haukusema unapimwa kwa mwezi au kwa mwaka. Ukiongeza kile kifungu cha mtoa huduma mwengine, kwa kampuni isiyo na mkongo wala kebo ya kuvuka mkondo, ahadi inabakia kwa minara tu. Na hata minara, jioni ya vuli, ilipewa udhuru wa wa juu.

Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa la kisa kizima, kubwa kuliko kimya cha Mei. Kimya kiliwaudhi watu, lakini sababu ya kweli ilipojulikana wengi walisamehe. Bahari ni bahari. Ujumbe wa vuli uliwafanya wairudie Mei upya na kujiuliza kama nayo ilikuwa kweli. Mmoja aliandika, "Basi hata Durban pengine ni mlimani hapo." Kampuni ambayo haimiliki njia yake haina kitu cha kuuza zaidi ya neno lake kuhusu hali ya njia hiyo. Dawa yake ilikuwa ndogo mno: kijana wa zamu awe na orodha ya vitu vitatu vya kupima, mnara unajibu, Mjini panajibu, Dar es Salaam panajibu, na aandike palipokufa. "Mnara wa mlimani umezimika, umeme hakuna, fundi yuko njiani" ni ujumbe ambao ungepokelewa kwa "haya, asante".

Kwa YouTube iliyokuwa inakwenda, sentensi mbili zingezima ile dhana usiku ule ule: video zipo Dar es Salaam, mfumo wako upo Ulaya, kilichokatika ni njia ya Ulaya. Fundi aliniambia aliona wateja hawataelewa. Bi M. aliielewa nilipomweleza, tena akauliza kwa nini mfumo wake wa vyumba nao hauwekewi nakala Dar es Salaam. Swali zuri, ambalo kwa sasa jibu lake liko kwa kampuni ya ng'ambo inayouuza mfumo huo. Kwa muda huu amejiwekea daftari: akipoteza mtandao, anampigia simu mtu mmoja aliye nje ya Tanzania, naye anafunga vyumba kwa niaba yake.

Kuhusu ile laini ya pili aliyoikata: hesabu yake ilikuwa kwamba kampuni ya kwanza sasa ina milango miwili ya jumla na betri mpya, na ile ya pili bado ina mlango mmoja. Nilimwambia kwamba kwa kukatika kwa kijijini atakuwa amepungukiwa, akajibu kwamba tofauti ya pesa ataiweka kwenye kifaa cha 4G kwa siku kama ile ya vuli. Nadhani amekosea kidogo, lakini ameamua akijua anachokikosa.

Mkataba mpya unataja kwamba muda unapimwa kwa mwezi, na kile kifungu kimepunguzwa: kampuni haiwajibiki pale tu wauzaji wake wote wawili wa jumla wakikatika kwa pamoja. Palipobakia wazi ni mkondo wenyewe kati ya Unguja na bara. Wauzaji wote wawili wa jumla wanaikabidhi kampuni mzigo Dar es Salaam, na kutoka hapo mpaka Mjini kampuni bado inapita kebo moja. Bi M. aliomba hilo liandikwe ndani ya mkataba, kwa maneno hayo hayo, na likaandikwa.